Kabla Hakimu Hajauliza

Keki ilikuwa imeanza kulainika kwa joto. Safdar alikisogeza kisanduku chake upande wa kivuli, akatazama saa, akatazama lango. Saa nne na nusu. Muda wa kuonana ulianza saa nne na ungekwisha saa sita, na mwanawe Ayaz, aliyetimiza miaka sita juzi, alikuwa bado hajaletwa.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, siku ambayo mahakama ya familia mjini Lahore huwa nusu soko, nusu matanga. Mawakili wenye makoti meusi walipita mbio na mafaili kwapani. Wauza maputo, wanaozijua Jumamosi hizi kuliko makarani, walikuwa wamejipanga langoni tangu asubuhi. Ndani ya ukumbi wa kuonana, akina baba walioachana na wake zao walikaa kwenye mabenchi ya mbao, kila mmoja na mfuko wa zawadi mapajani, wakisubiri watoto wao.

Kwenye benchi la Safdar alikaa pia mwanamke na binti wa miaka minane hivi. Mwanamke alivaa shalwari, suruali pana, na kanzu ya manjano iliyopauka kwa kufuliwa, mtandio mweupe uliotariziwa pindo kwa mkono, na viatu bapa vya mtu anayesimama kutwa kazini. Binti alikuwa akiitumbulia macho keki.

"Imeandikwaje pale juu?" aliuliza.

"Usikodolee vitu vya watu, Mishal," mama yake alimwambia.

"Si ulafi huo, dada," Safdar alisema. "Mtoto haoni. Mtazame anavyolikunja jicho la kushoto."

"Wewe ni daktari?"

"Fundi miwani. Nina duka karibu na soko la Anarkali."

"Kumbe hata mahakamani watu wanatafuta wateja."

Safdar alicheka, kicheko chake cha kwanza asubuhi hiyo. Akauliza kama baba wa mtoto amechelewa.

"Hajachelewa, haji. Hajaja leo, hajaja mwezi uliopita, hajaja tangu baridi. Lakini hakimu ameamuru nimlete, basi namleta. Nisipomleta ni kosa. Yeye asipokuja si kosa. Saa sita karani atatuwekea sahihi, tutaenda zetu."

"Mimi baba nimekuja, mtoto ndiye hajaletwa."

"Basi tukiunganishwa tunakuwa familia moja," alisema mwanamke, "iliyokatwa na mkasi mbovu." Kisha akasikia alichokisema, akajifunika mdomo kwa pindo la mtandio. Alikuwa mkata nguo katika duka la sare za shule, na mikasi ilimjia ulimini bila kuitwa. Jina lake lilikuwa Nudrat.

Ayaz aliletwa na mjomba wake saa tano na nusu. "Foleni," alisema mjomba, akaenda kusimama ukutani. Mtoto alikuja hadi katikati ya ukumbi akasimama, kama afanyavyo siku zote, akingoja kuitwa. Safdar alipomkumbatia alisikia harufu ya matapishi na peremende ya nanaa. Kila Jumamosi ya mahakama mtoto yule alitapika njiani, na kila mara watu wa kwao walisema ni kwa sababu ya gari.

Waliikata keki kwa rula ya karani. Mishal alipewa kipande chenye herufi ya kwanza ya jina la Ayaz, na watoto wawili wakala bila kusemezana, wakitazamana kwa pembe ya jicho.

Wiki iliyofuata Nudrat alimleta Mishal dukani. Safdar alimvalisha binti ile fremu nzito ya kupimia, akabadilisha kioo baada ya kioo, hadi Mishal akanyamaza kabisa.

"Amma," alisema hatimaye, "kumbe una madoa mashavuni."

"Hayo ni ya urembo."

"Na Anko ana mvi. Nyingi."

"Tumrudishie kile kioo cha kwanza," Safdar alisema, na Nudrat akacheka hadi mtandio ukamteremka begani, nywele zake nyeusi zikaonekana, zimesukwa mkia mmoja mnene. Safdar aliinamisha macho akajifanya anatafuta bisibisi.

Mapenzi yao yalianzia kwenye simu za mchana, saa ya chakula, kila mmoja akiwa dukani kwake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate wa naan na dengu."

"Dengu tena. Mwanamume mzima utaota mizizi."

"Nipikie wewe basi."

"Kwa cheo gani? Kwenye simu yangu umeandikwa Fundi Miwani."

"Hadi leo?"

"Dada yangu ananichungulia simu. Ukitaka jina jingine, lihangaikie, roho yangu."

Neno lile, roho yangu, lilimtoka Nudrat kwa mzaha. Safdar alishinda nalo mchana kutwa, akasaga kioo cha mteja mmoja mara mbili.

Katika mwezi wa kumi na mbili, moshi wa majira ya baridi ulipoufunika mji hadi taa zikawashwa mchana, Kashif, baba yake Mishal, alikuja mahakamani kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Alikuja mikono mitupu, nyuma yake wakili. Karani alisimama akasoma: mimi Kashif namwachia mama ulezi na haki zote za binti yangu, wala sitadai kumwona. Kashif alikuwa anaoa kwingine, na mchumba hakutaka mambo ya nyuma. Mishal alikuwa amesimama kando ya mama yake, na kwa miwani yake mipya aliuona uso wa baba yake vizuri kabisa.

"Alisaini kama mtu anayepokea kifurushi," Nudrat alisema kwenye simu mchana ule. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hata hakukaa kitini. Aliinama tu."

"Pole, Nudrat."

"Mimi nimepona naye zamani. Mtoto ndiye ninayemlilia. Safdar, mwanamume aliyewahi kuandika karatasi kama ile, hata akiwa walii, sitamfungulia mlango."

"Mkono wangu hauwezi kuandika hivyo."

"Usiape."

"Siapi. Nakwambia tu jinsi ulivyo."

Tangu siku hiyo Nudrat hakuwa na lazima ya kufika mahakamani, lakini Jumamosi za Safdar alikuja, yeye na Mishal, na chupa ya chai na mikate ya kukaanga iliyofungwa kitambaani. Watoto walikuwa wamezoeana. Walikuwa na mchezo wao mwisho wa benchi: Mishal ameketi wima, Ayaz amesimama mbele yake mikono nyuma. Mtu mzima akiwakaribia, waliuacha.

Mwezi wa tano ulikuwa unarudi. Kwa desturi na kwa sheria ya watu wale, mtoto wa kiume akishafika miaka saba baba yake anaweza kumdai, na Bibi Kaniz, mama yake Safdar, alikuwa ameingojea saba hiyo kama mtu anayengoja mwezi wa Idi. Alinunua kitanda kidogo chenye picha za magari. Alikitandika kila asubuhi ingawa hakuna aliyekilalia.

"Kesi hii ni yako," wakili alimwambia Safdar. "Hakimu atamwita mtoto ofisini kwake, peke yake, amuulize anataka kukaa na nani. Akikutaja, tumemaliza."

Basi Bibi Kaniz akaanza kuhudhuria Jumamosi na bakuli la halua ya karoti.

"Ukiulizwa, mjukuu wangu, utasema nani?"

"Abbu."

"Sema kwa sauti."

"Abbu."

"Mashallah. Fungua mdomo, Dadi akulishe."

Safdar alikuwa amekaa pale pale. Hakumkataza mama yake. Neno lile la kumwita baba lilimpendeza kulisikia, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote: kwamba aliketi akafurahi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kesi, alimpeleka Ayaz bombani kunawa halua. Mtoto alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Aliacha maji yamwagike.

"Abbu, hakimu anauliza mara moja tu, au mara mbili?"

"Kwa nini?"

"Akiuliza mara mbili, ya kwanza nitasema Ammi, ya pili nitasema wewe. Ammi nimeshamwambia nitamtaja yeye. Dadi nimeshamwambia nitakutaja wewe. Lakini akiuliza mara moja tu..." Alisita akahesabu kitu vidoleni. "Nimefanya mazoezi. Haitoshei."

Safdar alifunga bomba.

"Yule nisiyemtaja," Ayaz aliuliza, "ataenda wapi?"

Halafu akatapika, palepale bombani, halua yote. Safdar alimshika paji la uso. Lilikuwa la baridi, na ilikuwa siku ya joto kali, na hakukuwa na gari.

"Usimwambie Dadi," mtoto alisema alipopata pumzi. "Usimwambie Ammi. Usimwambie mtu yeyote kwamba nilisema wote wawili."

"Simwambii mtu."

"Wallahi?"

"Wallahi, mwanangu."

Siku tatu Safdar aliswali istihara, akimwomba Mungu amwonyeshe njia. Hakuota ndoto, hakuona dalili. Kila alipoinamisha paji lake kwenye mswala alikumbuka paji lile jingine, la baridi, kiganjani mwake. Siku ya tatu aliona kwamba huenda alikuwa ameshajibiwa kabla hajauliza.

Alimfuata wakili. "Nikiondoa madai tu, na Jumamosi zangu zibaki?"

"Watafungua wao, au mama yako atakusukuma ufungue tena mwakani. Faili likiwa wazi, mtoto ataulizwa. Ukitaka asiulizwe kabisa, mwachie mama yake ulezi na haki zote, faili lifungwe. Lakini sikiliza, Safdar. Mtalaka wako Tehmina amepata kazi ya uuguzi Muscat. Ukishasaini, hata kumtoa nchini hahitaji ruhusa yako. Na umebakiza wiki moja kushinda. Umepagawa?"

"Andika hiyo karatasi."

Kwa mama yake alisema maneno machache tu. Bibi Kaniz alikuwa akichagua mchele. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya sinia.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," alisema. "Mimi nimezaa, naujua. Wewe umeujulia wapi?"

"Mama."

"Kitanda kile nimlaze nani?"

Akaendelea kuchagua mchele, akitupa kando punje nzima pamoja na mawe.

Siku ya kesi Nudrat aliomba ruhusa kazini. Hakumwambia Safdar. Mishal alikuwa shule. Alivaa kanzu ya kijani aliyojishonea kwa siku hiyo, akapaka wanja, akashika kisanduku cha vitamutamu vya kusherehekea. Njia nzima alikuwa amemwomba Mungu amrudishie mtu huyu mtoto wake. Alikaa nyuma, kwenye kiti cha mwisho. Safdar alimwona tu alipogeuka kumpisha karani, akiwa ameshasimama mbele ya hakimu.

Karani alisoma: mimi Safdar namwachia mama ulezi na haki zote za mwanangu Ayaz.

"Umelazimishwa?" hakimu aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa."

"Unaelewa kwamba mwana huyu amefikia umri wa wewe kumdai?"

"Naelewa."

Tehmina alikuwa amejiandaa kwa vita. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeusukuma mlango akaukuta wazi. Nje, kwenye ukumbi, Ayaz alikuwa ameketi na shati jeupe na nywele zilizopakwa mafuta, akingoja kuitwa ofisini kwa hakimu. Hakuitwa. Safdar alishika kalamu, akakaa kitini, akaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine.

Nudrat alimngoja mlangoni.

"Ilikuwa nzito?"

"Nini?"

"Kalamu. Ya Kashif ilikuwa nyepesi, ndiyo maana nauliza."

"Nudrat, nina sababu yangu."

"Hata yeye alikuwa nayo. Kila mwanamume anatembea na sababu yake mfukoni. Itoe niione."

"Siwezi. Nimemwahidi mtu sitasema."

"Na mimi hukuniambia kitu? Hukuniambia mkono wako hauwezi?"

"Nilikwambia."

"Kumbe unaweza." Aliweka kisanduku cha vitamutamu kwenye benchi kama anayeweka kitu cha mtu mwingine. "Ulikuwa umebakiza swali moja tu mtoto awe wako. Ukaona mzigo. Kesho ukichoka na wangu je? Mishal nitamwambia duka limehama."

"Nudrat."

"Usinipigie."

Alipiga. Alipiga saa ya chakula, siku tisa mfululizo, simu ikaita bila kupokelewa. Siku ya kumi ilipokelewa na dada mtu.

"Fundi Miwani," alisema yule dada, "hapa kila mtu anaona vizuri. Usihangaike tena."

Siku tatu kabla ya safari, Tehmina alimleta Ayaz dukani amuage baba yake. Alikuwa na mavazi meupe ya uuguzi chini ya shuka jeusi, macho yamezama kwa uchovu.

"Sikuelewi," Tehmina alisema, wakati mtoto akijaribu fremu mbele ya kioo. "Mwaka mzima nimelala jicho moja. Ulikuwa umeshashinda."

"Sikuwa nimeshinda."

"Unapanga nini?"

"Sipangi kitu, Tehmina."

Alimtazama kwa muda mrefu. Waliachana miaka minne nyuma kwa maneno madogo madogo yaliyolimbikizana, na huenda hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mmoja wao kumwamini mwenzake. "Nitamfanya akupigie kila Ijumaa baada ya swala," alisema.

"Usimlazimishe."

Ayaz alikuwa amekula ndizi mbili tangu aingie, na hakuna kilichorudi. Safdar alipochuchumaa kumfunga kamba za viatu, mtoto alimnong'oneza.

"Ulimwambia mtu?"

"Hakuna."

"Hata hakimu?"

"Hata hakimu."

"Vizuri," mtoto alisema, akamtandika busu la haraka shavuni, akatoka mbio kuifuata riksho. Hakugeuka nyuma. Watoto wanaokwenda mahali wanapopataka hawageuki.

Safdar alifunga duka mapema. Nyumbani alikuta mlango wa chumba chenye kile kitanda umefungwa kwa kufuli, na mama yake hakusema funguo ziko wapi. Wiki zilipita. Alisaga vioo, akaswali, akala dengu. Mvua za mwezi wa saba zilianza, maji yakajaa mitaani hadi vifundoni, wateja wakaadimika. Alasiri moja ya namna hiyo simu yake iliita.

"Safdar."

Alikaa chini. "Nudrat."

Wote wawili wakasikiliza mvua ya mwenzao.

"Mishal kavunja miwani."

"Mlete."

"Kaivunja makusudi. Kaiweka chini akaikanyaga kwa kisigino, mtoto wangu ambaye hata daftari halikunji. Nimemgombeza hadi sauti ikaniisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, ili tulazimike kwenda kwa Anko."

Safdar aliibana simu sikioni.

"Nilimwambia duka limehama. Akaniambia duka halijahama, nimeliona kutoka kwenye basi la shule, wewe tu hutaki. Nikamwambia Anko amemwacha mwanawe kama baba yako alivyokuacha. Akaniambia hapana, Amma, si hivyo, Ayaz alikuwa anaogopa kuulizwa." Sauti ya Nudrat ilianza kuteleza. "Ule mchezo wao wa benchini. Unaujua ulikuwa mchezo gani? Mishal alikuwa hakimu. Ayaz anasimama, anaulizwa, anajibu. Akimtaja mama yake analia, akikutaja wewe analia. Wakaurudia kila Jumamosi wakitafuta jibu lisilo na kilio."

"Nudrat..."

"Ngoja nimalize. Wakati wa kesi yangu Mishal naye aliitwa ofisini. Alikuwa na miaka saba. Akamwambia Ayaz: mimi nilisema Amma, na Abbu wangu hakuja tena." Alivuta pumzi. "Safdar, mwanangu anaamini baba yake aliondoka kwa sababu ya jibu lake. Karibu miaka miwili anatembea nalo. Nampikia, namsuka, namlaza, sijui."

Mvua ilizidi.

"Ayaz ndiye uliyemwahidi," Nudrat alisema.

"Sijasema."

"Hujasema. Nimesema mimi. Wewe nyamaza hivyo hivyo, inatosha."

Walikuja siku ya pili yake, shalwari zimelowa hadi magotini. Nudrat alikuwa na mtandio wa samawati uliombana kichwa, uso hauna wanja, na madoa ya mashavuni yakionekana kila moja. Safdar hakuwa amewahi kuona uso uliomtuliza kama ule. Hakuthubutu kuusogelea. Alipokea vipande vya miwani, akavipanga kitambaani.

"Nani kaua hii?"

"Mimi," Mishal alisema. Kisha, akitazama sakafu: "Anko, Ayaz aliulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Faili lilifungwa kabla."

Mtoto alilipima jambo hilo. "Basi hakukosea."

"Hakukosea." Safdar aliweka koleo chini. "Wala wewe hukukosea, Mishal. Baba yako hakuondoka kwa sababu ya ulichosema. Watu wazima wanaondoka kwa miguu yao wenyewe. Swali lile halikuwa lako kulijibu."

Mishal alikwenda kwenye kona ya fremu za watoto, akawapa mgongo, na mgongo ule mdogo ukaanza kutetemeka. Nudrat alimfuata akamkumbatia kwa nyuma, wakakaa hivyo. Mteja aliingia, akawaona, akatoka.

Baadaye, Mishal akijaribu fremu nyekundu, Nudrat alisogea karibu na meza.

"Nilikufananisha na Kashif."

"Sahihi zinafanana."

"Yeye alisaini amesimama. Wewe ulikaa. Niliona, na bado sikutaka kuona." Alichora kitu kwa kidole juu ya vumbi la vioo. "Unajuta?"

"Kila siku. Kila asubuhi najuta, na kila asubuhi najua ningesaini tena. Sikufichi, Nudrat. Mwanamume unayemtazama ni nusu tu. Mama hasemi nami. Nyumbani kuna chumba kimefungwa."

"Mimi nimezoea nguo za nusu. Kazi yangu ni kuziunganisha."

"Unaniposa?"

"Mtu mwenyewe amekalia dengu miezi miwili, nani mwingine atamposa? Mama yako nitakuja mwenyewe Ijumaa. Nitampima kanzu. Mwanamke mwenye hasira ukimpima kanzu, lazima ainue mikono."

Safdar alicheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, akafuta uso kwa kitambaa cha kufutia vioo. Nudrat alijifanya anasoma bango la herufi ukutani.

Bibi Kaniz aliinua mikono, ingawa hakunyanyua macho. Ndoa ilifungwa mwezi wa tisa, kwa watu kumi na wawili na sufuria moja ya pilau. Chumba kilifunguliwa. Mishal alisema kitanda cha magari ni cha Ayaz, akaomba godoro lake litandikwe chini, na hakuna aliyemshawishi vinginevyo.

Simu za Muscat zilikuja kila Ijumaa, kama Tehmina alivyoahidi, na kila Ijumaa zilimwacha Safdar amechoka. Ayaz alizungumza kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Sijambo, Abbu. Nakula vizuri. Nasoma vizuri. Nakukumbuka sana. Kila neno liko mahali pake, hakuna hata moja lililovunjika. Safdar aliuliza habari za bahari, za mwalimu, za mvulana wa jirani, na mtoto alimjibu kila kitu alichodhani baba yake anataka kusikia. Ilikuwa kana kwamba yumo ofisini kwa hakimu, akijibu. Safdar alimwomba Mungu, baada ya kila swala, si kwamba amrudishe, bali kwamba amtoe mle.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, wamekaa kula mchana, simu iliita. Safdar alinawa mkono haraka akapokea. Nyuma ya sauti ya mwanawe kulikuwa na kelele za watoto wengi na mpira uliokuwa ukigonga ukuta.

"Assalamu alaikum, mwanangu."

"Abbu, sasa hivi sitaki kuongea," Ayaz alisema, akihema. "Nacheza."

Simu ikakatika.

Safdar alibaki ameishikilia sikioni. Nudrat aliacha kumega mkate. Bibi Kaniz alimgeuzia mwanawe kichwa kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano.

"Kuna nini?" Nudrat aliuliza. "Kasemaje?"

"Kasema hataki."

"Hataki nini?"

"Hataki kuongea nami. Ana mchezo." Alikuwa akitabasamu huku machozi yakimtiririka hadi ndevuni, wala hakuyafuta. "Hajawahi kuniambia hataki. Tangu azaliwe, Nudrat. Leo kaniambia hataki."